Maji Yakilia, Mkwe Yupo

Anton Kashindye alikuwa karani wa vifurushi katika stesheni ya Tabora, na alipenda kuwaambia watu kwamba kazi hiyo amezaliwa nayo. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi na majora ya kaniki, mpaka utosi ukaota sugu. Mjukuu naye alishughulika na mizigo ya watu, ya kwenda Kigoma na Mwanza na Dar es Salaam, tofauti ikiwa kwamba yeye alikaa kitini na mzigo ukabebwa na treni. "Sisi ni watu wa mizigo," alikuwa akisema huku akigonga muhuri, "ila safari hii kichwa kimepumzika."

Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye suruali za kaki zilizopigwa pasi mpaka zikaweza kusimama zenyewe, na baiskeli aliyoifuta vumbi kuliko alivyofuta viatu vyake. Kitu kimoja tu ndicho kilichowafanya majirani wamseme, nacho ni majani.

Majani yenyewe hakuyapanda yeye. Miaka michache baada ya uhuru, Wazungu wa reli walipokuwa wakifunga masanduku yao, Anton alipangiwa nyumba ya mmoja wao, njia ya kwenda Kitete. Ilikuwa nyumba ya bati jekundu, yenye baraza pana, bafu lenye hodhi la kuogea, na nyuma kabisa, ng'ambo ya kamba za kuanikia nguo, chumba cha boi chenye jiko lake. Mbele kulikuwa na uwanja wa ukoka uliotandikwa kama mkeka mpya. Chini ya ukoka yalipita mabomba, na kwenye pembe za uwanja vilichomoza vichwa vinne vya shaba vya kunyunyizia maji. Ulipofungua koki, ambayo ilikuwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, vichwa hivyo vilianza kupiga chaka-chaka-chaka, vikigeuka polepole na kurusha maji mbali, na vikifika mwisho vinarudi mbio, trrrr, kuanza upya. Siku ya kwanza Anton alivuta kiti barazani akavitazama mpaka akasahau kula. Bertila, mkewe, alisema kama ni ngoma basi haina hata wimbo, akaingia ndani.

Basi akawa mtu wa majani. Mwanzoni alikosea kila palipowezekana kukosea. Alimwagilia saa sita mchana, jua likayanywa maji kabla hayajafika mizizini. Alifungua vichwa vyote kwa pamoja, na kwa vile maji ya mjini hayakuwa na nguvu, vyote vikatokwa na udenda kama watoto wanaoota meno. Aliyemtoa ujingani ni Mansukh, muuza vyuma wa karibu na soko, ambaye ndiye aliyemwuzia yule Mzungu mabomba toka mwanzo.

"Bwana Anton," Mansukh alimwambia, "majani ukiyapa maji kidogo kila siku yanadeka. Mizizi inabaki juu juu, inasubiri kuletewa. Yape mengi, mara mbili kwa wiki, alfajiri, halafu yaache yahangaike. Na ufungue vichwa viwili viwili."

"Yasipohangaika?"

"Yatafanana na wanangu," akasema Mansukh, ambaye wanawe hawakujua hata bei ya misumari.

Ikawa ndiyo desturi. Jumapili baada ya misa Anton alikunja suruali, akafungua vichwa kimoja kimoja, akavisuuza kwenye karai kutoa mchanga na matope ya bwawa, akazibua tundu kwa mwiba wa mchongoma. Hakutumia waya, maana waya hupanua tundu, na tundu likipanuka maji hayaruki tena, yanaanguka tu. Pete ya mpira iliyochakaa aliibadilisha kwa nyingine aliyoikata mwenyewe kwenye tyubu ya baiskeli. Kisha alipita uwanjani peku, akisikiliza kwa nyayo, kwani mahali penye unyevu usio na sababu pana bomba linalovuja chini yake. Siku hizo, Azimio likiwa bado jipya midomoni mwa watu, wako waliouliza kama ukoka si ubepari. Darwesh, jirani mwoka mikate aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, alikuja kulitazama suala hilo kwa macho yake. Alivua makubazi, akakanyaga, akasema chama hakijatamka lolote kuhusu majani, kisha akaomba akae kidogo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubwa katika maisha ya Anton, ukimwondoa Bertila. Bertila alikuwa mwanamke wa maneno machache, yote yenye chumvi, na Anton alimpenda waziwazi, jambo lililowashangaza wenzake wa stesheni. Mara mbili Bertila alishika mimba, na mara mbili ikatoka. Ya pili ilitoka ikiwa kubwa, na baada yake nyumba ile pana ilikaa kimya muda mrefu, hata majirani wakawa wanapunguza sauti wakipita. Kwa hiyo ya tatu ilipoanza kuonekana, mkunga wa hospitali ya Kitete alimpima, kisha akamgeukia Anton. Mkeo alale, alimwambia. Asiinue ndoo, asiiname kufagia, asisonge ugali. Akitaka kitu, aletewe.

"Aletewe na nani?" Bertila aliuliza wakiwa njiani kurudi. Wote wawili walijua jibu, na wote wawili waliogopa kulisema.

Jibu lilikuwa Paskazia, mama yake Bertila, mjane na mkulima wa karanga wa Itetemia, ambaye mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa huko. Hakuna aliyefaa zaidi yake. Shida ilikuwa moja tu, kwamba Paskazia alikuwa mama mkwe wa Anton.

Asiyejua mambo ya Unyamwezi atauliza shida iko wapi. Iko hapa. Kwa watu wa rika la Paskazia, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawaitani majina, na wakigongana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si uadui, ni heshima, na kadiri unavyompenda mkweo ndivyo unavyomkimbia zaidi. Tangu harusi Anton alikuwa ameuona mgongo wa Paskazia mara nyingi, na kwa mgongo huo aliamini kwamba ni mama mwema. Uso wake hakuujua.

Paskazia alikuja na kikapu cha viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani matobolwa, kuku wawili, na sharti. "Nitakutunza, mwanangu," alimwambia Bertila kwa Kinyamwezi, "lakini siku mtakayonikutanisha na huyo mumeo macho kwa macho, nafunga mzigo wangu. Itetemia si mbali." Hakuwa anatania. Dada yake aliwahi kuondoka kwa binti yake kwa aibu ya namna hiyo, na hakukanyaga tena pale mpaka alipozikwa. Anton alipoelezwa aliogopa kweli kweli. Paskazia akiondoka, Bertila atainuka kuchota maji, hiyo aliijua kama anavyojua jina lake, na mimba ya tatu itafuata njia ya wenzake.

Kwa aibu nyingi walimwonyesha chumba cha boi. Paskazia alikikagua. Mlango wake ulitazama upande mwingine, jiko lilikuwa la peke yake, na katikati kulikuwa na ukuta.

"Kumbe Wazungu nao wana adabu," alisema. "Wamemjengea mama mkwe nyumba yake." Hakuna aliyemsahihisha.

Lakini Bertila alilala mbele, dirisha likitazama ukoka, na nyumba ilikuwa na korido moja nyembamba ya kupita. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Anton alikohoa kila alipoingia, mpaka Darwesh akauliza kama amepima kifua. Siku moja Paskazia alisikia hatua zake ghafla, akajitupa bafuni akajifungia. Anton alikuwa amepewa siku ya mapumziko, akakaa sebuleni akanywa chai bila habari, na mama wa watu akakaa kwenye hodhi kutwa nzima. Siku nyingine ilikuwa zamu ya Anton kuruka dirisha la chumba chake mwenyewe, sabuni ya kunyolea ikiwa bado usoni. Watu wazima wawili, kila mmoja na heshima zake mjini na kijijini, walikuwa wakiishi kama paka na panya, na hakuna aliyejua paka ni nani.

Bertila ndiye aliyepata dawa, akiwa amelala chali hana kazi nyingine ila kusikiliza.

"Ukiwa nyumbani fungua maji," alimwambia mumewe. "Ukitoka, funga. Mayu atasikia kutoka kule nyuma." Mayu kwa Kinyamwezi ni mama.

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Maji yakilia, mkwe yupo, na Paskazia anabaki kwake anatwanga na kuchambua mboga. Maji yakinyamaza, njia nyeupe, anakuja kwa mwanawe, anamwosha, anamlisha, anamsema. Salamu zilipitia kwa Bertila.

"Mayu anauliza umeamkaje."

"Mwambie salama. Na kisamvu cha jana kilikuwa kitamu."

"Amesema anajua."

Anton alianza kumpenda huyo mama asiyemwona. Alimpelekea sukari na kitenge kwa mkono wa Bertila, naye akaletewa matobolwa yaliyoungwa kwa karanga. Siku moja alivaa shati lililokuwa limekatika kifungo, akakikuta kimeshonwa kwa uzi mweusi, imara kama kifungo cha gunia. Alikwenda kazini akikigusagusa njia nzima.

Aliyeumia ni ukoka. Anton alikuwa nyumbani kila jioni, na Jumapili kutwa, na muda wote huo maji yalilia. Uyoga ukaota, vyura wakahamia, majani yakaanza kugeuka rangi ya manjano kwa kuzidiwa. Mansukh alipopita kuona alishika kichwa.

"Nilikuambia mara mbili kwa wiki."

"Ni mambo ya mkwe," Anton alisema.

Mansukh alipoelezwa alicheka mpaka akaegemea nguzo ya baraza. Kisha akaacha kucheka, akasema hata kwao bibi yake alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake mpaka mzee akafa bila kujua ana mkwe wa sura gani. Akaenda dukani, akarudi na kichwa kidogo cha kumwagilia vitalu vya maua, tundu lake kama la sindano. "Hiki kinakula maji kidogo sana," alisema. "Ukoka wako utapumua."

Kweli kilikula maji kidogo, lakini hakikuwa na sauti. Hapo ndipo Anton alipojiona mwenye akili. Aliviziba vichwa vitatu kwa vizibo vya mti, akakifunga kile kidogo mahali pa cha nne, karibu na dirisha la Bertila, na mbele yake akaweka debe tupu lililofudikizwa. Kila kichwa kilipozunguka, uzi mwembamba wa maji uligonga debe, na mlio wake ukafika nyuma ya nyumba, ukavuka hadi kwa Darwesh. Ukoka ukapona. Paskazia alituma ujumbe kwamba sasa anasikia vizuri hata akitwanga. Bertila alisema kichwa chake kinapasuka, akaambiwa avumilie, mtoto yuko karibu.

Mwezi wa kumi ukaingia na jua lake. Bwawa lilishuka, na maji ya mjini yakawa ya bahati nasibu, leo yapo, kesho bomba linakoroma tu. Kwa siku kama hizo walikubaliana kwamba Anton akitoka apige kengele ya baiskeli langoni, mama ajue kwamba nyumba ni yake.

Asubuhi moja Anton aliamka, mkono wake ukaenda kwenye koki kama ulivyozoea, akaifungua. Ikatoa hewa, ikapiga chafya, basi. Alioga kwa kopo, akavaa, akamsugua Bertila miguu iliyovimba. Bertila alisema mgongo unamwuma kidogo, lakini mgongo ulikuwa ukimwuma kila siku. Langoni Anton akapiga kengele, akaenda zake. Koki aliiacha wazi. Ni kosa la watu wote wa miji ya maji ya mgawo, kwa sababu bomba likiwa kavu, koki iliyo wazi na iliyofungwa zinanyamaza sawasawa.

Mchana, akiandika risiti ya gunia la dagaa wa Kigoma, alisikia vigelegele nje. Bomba la abiria lilikuwa limeanza kutapika maji, na akina mama walikuwa wakikimbilia na sufuria na madumu.

"Kule Kitete yamerudi tangu asubuhi," alisema mchukuzi mmoja. "Huku ndiyo kwanza yanafika."

Anton alifurahi kama wenzake. Akauwaza ukoka. Kisha akaiwaza koki, akaona aibu kidogo kwa maji yanayopotea, akatabasamu kidogo kwa kulifikiria debe linalopiga kelele mbele ya nyumba bila mtu. Akarudi kwenye risiti. Kalamu ilikuwa katikati ya neno alipoelewa.

Debe linalia. Kwa hiyo Paskazia amekaa nyuma, anaamini mkwe amerudi nyumbani, tangu asubuhi. Na Bertila yuko mbele peke yake.

Aliacha risiti, gunia na mwenye gunia. Alipanda baiskeli akakata mchanga wa barabara ile chini ya miembe bila kumwamkia mtu yeyote, jambo ambalo watu wa Tabora hawasahau upesi. Alimwomba Mungu mambo yasiyo na mpangilio. Mengine aliahidi, na baadaye hakukumbuka aliahidi nini.

Debe alilisikia kabla hajaiona nyumba. Bertila alikuwa sakafuni chumbani, kati ya kitanda na dirisha, kanga imelowa, midomo imekauka.

"Nimeita," alisema. "Nimejaribu kuifikia koki, miguu imekataa. Nimeita mpaka sauti imekwisha, hilo debe lako linanizidi. Anton, anakuja."

Anton alipiga magoti, naye Bertila akamkamata shati kwa mikono yote miwili. Hospitali haikuwa mbali, lakini mtoto alikuwa karibu zaidi. Mtu pekee aliyejua la kufanya alikuwa upande wa pili wa nyumba, amekaa kwake kwa adabu. Anton alifungua kinywa amwite, lakini ulimi haukusogea. Kumwita mama mkwe kwa kelele, uso kwa uso, hata saa hiyo, kulimshinda.

"Funga maji," Bertila alisema huku ameuma meno. "Funga maji, atakuja mwenyewe. Na wewe usiniache."

Hapo Anton aliona vizuri alichokuwa anaambiwa. Akifunga, Paskazia atakuja akijua njia nyeupe, na atamkuta yeye yupo. Leo hakuna dirisha la kuruka. Atapata mkunga kwa saa moja na kumpoteza kwa maisha yote. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alinyoosha mkono mmoja nje ya dirisha, Bertila akiwa bado ameng'ang'ania shati, akaikamata koki, akaifunga.

Kukawa kimya. Kisha zikasikika ndara kutoka nyuma, zikija kwa haraka, na sauti ya mwanamke ikilalamika kwa Kinyamwezi juu ya wanaume wa siku hizi wanaoshinda nyumbani kama wana kuhara. Paskazia alitokea mlangoni na bakuli la uji.

Walitazamana. Anton aliona uso mdogo, mkavu, wenye nyusi za Bertila na pengo mbele. Paskazia alimtazama yeye, akamtazama binti yake, akamnyooshea Anton bakuli.

"Shika," alisema.

Anton akashika bakuli.

"Liweke chini, mjinga wewe. Mshike mabega."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe wake aliyomwambia kwa kinywa chake, na Anton aliyatii yote. Alishika mabega. Aliambiwa asukume mto huku, akasukuma. Aliambiwa anyamaze kulia, akajaribu. Paskazia alifanya kazi yake kama mtu anayevuna shamba mvua ikinyemelea, upesi na bila neno la ziada, na muda si muda kulikuwa na mtu wa nne chumbani, wa kike, aliyelowa na kukasirika, akipiga kelele kuliko debe.

Anton alikimbia kwa Darwesh, na Darwesh akatoa pikapu yake ya mikate. Walifika Kitete wote wakinukia hamira. Mkunga aliwapima mama na mtoto, akasema ni wazima, akauliza mtoto anaitwa nani. Anton alikuwa na majina kadhaa ya watakatifu tayari, lakini Paskazia, aliyesimama ukutani akiwa amewapa kisogo, alijibu kabla yake.

"Kabula."

Kwa Wanyamwezi hilo ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mkunga alichungulia nje, kwenye jua lile na vumbi lile. "Bibi, mvua yenyewe hatujaiona mwaka huu."

"Mimi nilisikia inanyesha," Paskazia alisema, na hakugeuka.

Siku iliyofuata pikapu iliwarudisha. Bertila alilazwa kitandani na mtoto wake, na Paskazia akaenda kwake nyuma bila kuaga. Anton alisikiliza. Alisikia sufuria zikigongana, kisha kamba ikivutwa na kukazwa. Alijua sauti ya mzigo unaofungwa, ndiyo ilikuwa riziki yake. Alikwenda mpaka kwenye kamba za nguo, akasimama akiwa amegeuzia chumba mgongo, kama inavyotakiwa, akaongea na shuka zilizoanikwa.

"Mama, kosa ni langu. Jana niliiacha koki wazi maji yakiwa yamekatika. Yaliporudi, debe likalia lenyewe. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kazini."

Nyuma yake kamba iliacha kukazwa.

"Hukuwepo," Paskazia alisema.

"Sikuwepo. Nilifika muda ule ule nilipofunga."

Kisha Anton akamsikia akikaa chini, pale pale kizingitini.

"Nilimsikia," alisema. "Mara moja, katikati ya lile debe. Nilimsikia mwanangu analia. Nikasema mumewe yupo, si adabu kusikiliza mambo ya mtu na mkewe. Nikachukua mchi nikatwanga kwa nguvu ili nisisikie tena. Sikuwa na kitu kwenye kinu. Nilitwanga kinu kitupu."

Anton aligeuka. Paskazia alikuwa analia na hakujifunika, naye Anton akakaa chini mchangani mbele yake akalia pia, kwa sababu alikuwa ameogopa sana tangu jana na hakupata nafasi ya kuwa na woga wake. Walikaa hivyo, watu wawili ambao kwa miezi yote ile hawakuwahi kutazamana, na hakuna aliyekimbia.

"Mama, usiondoke," Anton alisema mwishowe.

Paskazia alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Nani kasema naondoka? Nahamia ndani. Mjukuu wangu akilia nimsikie kwa masikio yangu, si kupitia debe la mtu. Beba hicho kikapu, si mnasema nyinyi ni watu wa mizigo?"

Anton akakitia kichwani kama babu yake, akaufuata ule mgongo aliouzoea kupitia mlango wa nyuma, korido, mpaka chumba cha karibu na cha Bertila.

Jioni mkeka ulitandikwa barazani. Kulikuwa na ugali, kuku mmoja wa Itetemia, na mlenda. Bertila alikuwa ndani akinyonyesha, dirisha liko wazi. Anton alisubiri atengewe chake pembeni kama siku zote, lakini sahani ilikuwa moja. Paskazia alikaa upande wa pili wa mkeka, akiwa amejipinda kidogo, bega moja limemwelekea na jingine limeelekea ukoka, maana adabu ya maisha mazima haiishi kwa siku moja. Alisukuma bakuli la maji hadi mbele yake.

"Baba Kabula," alisema, "nawa mikono. Chakula kinapoa."